Mji Wenye Haya

Andazi la mwisho lilikuwa limebaki peke yake kwenye sahani, na katika mji wa Haapasalmi andazi la mwisho haliliwi. Hata uwe na njaa ya kuona nyota, hata liwe limetiwa iliki na kunyunyiziwa sukari juu, wewe unalitazama, mwenzako analitazama, kikao kinaisha, mfagizi analitupia ndege. Mkurugenzi Ilkka Rautaharju alinyoosha mkono, akalichukua, akaling'ata. Wote waliokaa mezani wakashusha macho kwenye vikombe vyao vya kahawa.

"Hakuna aliyesema kitu," alisema Rautaharju huku akitafuna. "Hilo ndilo linalonisumbua. Msimu mzima wa baridi mji umemlisha msanii, umempa karakana, umempa mbao, na hakuna raia hata mmoja aliyesema kitu. Nimewauliza watu wa simu. Nimewauliza watu wa mtandao. Sifuri."

Merja Kuivalainen alikuwa amekaa kwenye stuli iliyotolewa chumba cha fotokopi. Viti vya mezani vilikuwa vya wakuu wa idara, na yeye hakuwa na idara. Alikuwa na Mpango wa Wasanii Wageni, ambao wenzake waliuita "ile shughuli ya Merja", kwa sauti ileile ambayo mtu huitumia kumtaja paka wa jirani. Kila mwaka alichagua msanii mmoja, akamleta Haapasalmi, akamkabidhi kwa idara moja ya mji ili afanye kazi bega kwa bega na wafanyakazi wake. Yeye ndiye aliyewapokea stesheni. Yeye ndiye aliyewanunulia viatu vya theluji, akawatafutia mashuka, akawaeleza ni kwa nini watu wa huku wanaweza kuoga uchi chumba kimoja na bado wasisalimiane kwenye lifti. Na nyumba ya msanii ilipopasuka bomba wakati wa vuli, idara ya majengo ikasema "tunalishughulikia", yeye ndiye aliyemchukua msanii akampeleka kulala kwake.

Msanii wa mwaka huu alikuwa Mreno, Duarte, mchonga mbao. Merja alimpeleka kwa mafundi wa karakana wanaosafisha barabara. Huko nyuma ya karakana Duarte akakuta vitelezi vya zamani vinaoza. Kitelezi ni kiti cha mbao kilichokaa juu ya vyuma viwili virefu: mzigo unakaa kwenye kiti, wewe unasimama nyuma, unasukuma barafu kwa mguu mmoja, unaondoka. Duarte alivikarabati vyote, akavichonga migongo, akavitawanya mjini kwa yeyote anayetaka: duka la dawa, maktaba, stesheni, kanisani. Ukifika uendako unakiacha, mwingine anakichukua.

Alichochonga kilikuwa neno moja, kwa kuwa ndilo pekee alilokuwa amelijua. Kwa lugha yao ni *no niin*. Kwa yetu ni haya. Haya, tuanze. Haya, yatosha. Haya, gari limekwama. Haya, kumbe mzee wa watu amefariki. Mafundi wa karakana waliweza kumaliza siku nzima ya kazi kwa neno hilo tu, na Duarte aliwasikiliza kwa makini, kisha akaichonga kila haya kwa sauti yake. Haya ya uchovu, herufi zimelala chali. Haya ya Ijumaa mchana, herufi zinacheza. Haya ya mtu anayeinuka kwenye kiti, herufi zina magoti.

"Watu wakipenda kitu, wanasema," aliendelea Rautaharju. Alikuwa mzaliwa wa hapohapo, ila alikaa sana Helsinki, mji mkuu, huko kusini, akarudi na miwani ya bei na tabia ya kuwaita watu kwa majina ya kwanza. "Helsinki ukifanya jambo zuri, simu inaita. Hapa kimya. Jumatatu jioni baraza la madiwani linapiga kura, na pendekezo langu ni kuufunga Mpango. Wewe Merja hatutakuacha barabarani. Bwawa la kuogelea wanataka mtu wa dirisha la tiketi. Nusu siku."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine utapumzika." Alicheka peke yake. "Halafu vile viti viondoke mitaani kabla ya wikiendi. Sitaki bibi ya mtu avunjike nyonga kisha tuburuzane mahakamani."

"Vyote?"

"Vyote, mama wa sanaa. Hata kimoja kisibaki."

Merja alitazama sahani tupu.

"Haya," akasema.

Kiwanda cha karatasi alichofanyia kazi mumewe kilikuwa kimefungwa mwaka uliopita, kwa hiyo nusu siku ya dirisha la tiketi ilikuwa na hesabu fupi sana: nyumba ingeuzwa, na mama mkwe wake, anayeishi nao, angepelekwa kwenye makao ya wazee, chumba chenye kengele ukutani. Merja aliifanya hesabu hiyo akiwa anashuka ngazi za manispaa. Akaifanya tena alipofika chini. Ilitoa jibu lilelile.

*

Kesho yake akatoka kwenda kutafuta sifa.

Alimkuta mzee Armas mbele ya duka la dawa, ameketi kwenye kitelezi kama mfalme aliyechoka, mfuko wa viazi katikati ya miguu. Armas alikuwa mstaafu wa reli, ana goti bovu, na tangu vitelezi vitoke alikuwa anaonekana mjini kila siku.

"Mzee Armas, hicho kitelezi unakionaje?"

Mzee alikitazama kama ndiyo kwanza anakutana nacho. "Kipo."

"Kinakusaidia?"

"Si kibaya."

Merja alijua uzito wa maneno hayo. Haapasalmi, "si kibaya" ni vigelegele. Harusi zimefungwa kwa chini ya hapo. "Basi nakuomba upige simu manispaa uwaambie hivyo."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba si kibaya."

Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mwanangu, nimefanya kazi reli maisha yangu yote. Sijawahi kumpigia mtu simu nikamwambia kitu si kibaya. Watadhani nimelewa."

"Waambie tu unakitumia."

"Si wananiona nakitumia?" Akashusha sauti, akatazama huku na huku. "Na mimi nani hasa, hata nikasifu? Watasema Armas anajipendekeza, anatafuta kitu."

Merja akamfuata mama mmoja aliyewapakia mapacha wake kwenye kitelezi cha maktaba, watoto wanacheka makamasi yanawatoka. Yule mama akasema wapo wengine wanaokitumia kuliko yeye, waulizwe hao. Akamfuata mchungaji, ambaye alisema kanisa halipendi kuonekana linaegemea upande. Akamfuata mwenye duka la dawa, ambaye wateja wake wazee walikuwa wameongezeka kwa macho kabisa, naye akasema, "Havijaleta shida," kisha akajishtukia kuwa amesema mengi, akaingia stoo.

Baada ya kuwauliza wengine kadhaa, Merja alirudi nyumbani na "si vibaya" tatu na "vinapita" moja. Hakuna aliyekubali kushika simu. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walikuwa na haya. Mji mzima ulikuwa na haya, kuanzia stesheni mpaka ziwani, na haya hiyo ilikuwa inaenda kumla Merja.

*

Alhamisi nchi ile nzima hunywa supu ya njegere, shule, jeshi, hospitali, na nyumba ya Kuivalainen haikuwa na kiburi cha kufanya tofauti. Veijo, mume wa Merja, alikuwa jikoni na aproni. Tangu kiwanda kifungwe alikuwa amejifunza kupika kwa hasira, na hasira ilikuwa inakolea vizuri kwenye supu.

Mama yake Veijo aliitwa Hilja. Jina hilo kwa lugha yao maana yake ni kimya, na huo ndio uongo mkubwa kuliko wote uliowahi kuandikwa kanisani Haapasalmi.

"Mnaniangalia kama nimeshakufa," alisema Hilja akivuta bakuli lake. "Nimesikia habari zote. Kuta za nyumba hii ni za mbao, mwanangu, ukilia chooni mimi nasikia kama redio. Makao ya wazee nimeshayaona. Chakula chao kimesagwa. Mimi meno ninayo, nitayafanyia nini?"

"Mama, hakuna aliyesema unaenda," alisema Veijo.

"Hakuna aliyesema siendi."

Duarte alikuwa ameinamia supu yake. Alikuwa kijana mrefu mwenye mikono iliyojaa plasta, na kwa miezi aliyokaa chumba cha juu alikuwa amejifunza lugha ya kutosha kuelewa jambo baya likisemwa taratibu. Merja alimwambia taratibu.

"Sifuri," Duarte alirudia.

"Sifuri ya simu. Si sifuri ya..."

"Mimi nilijua. Nikipita, wao wanatazama chini. Nilifikiri ni barafu, wanaogopa kuanguka." Aliweka kijiko. "Kwetu ukichonga kitu kibaya, mtu anakuja anakuambia, Duarte, hiki kibaya, mama yako anajua? Ukichonga kizuri anakubusu. Hapa hakuna anayenibusu, hakuna anayenitukana. Jumamosi mimi ninakwenda. Nisameheni."

"Kula kwanza," alisema Veijo. "Mtu haamui mambo kabla ya chapati za maji."

"Mimi siviondoi," alisema Merja ghafla. "Aje aviondoe mwenyewe na miwani yake."

"Ukikataa ni utovu wa nidhamu," alisema Veijo. " Hata lile dirisha la tiketi hulipati."

"Basi nitaandika barua kwa madiwani."

"Umeandika ngapi?"

Hilja alimaliza kijiko chake, akajifuta mdomo, akajiegemeza kama mtu anayetaka kusimulia. Veijo akapumua kwa nguvu.

"Baba yake huyu," Hilja alimwonyesha Veijo kwa kijiko, "alikula supu yangu tangu tulipooana. Hakuwahi kusema neno. Analeta bakuli tupu, anakwenda kuchanja kuni. Nikasema, Hilja, umeolewa na gogo, ungempikia soksi angekula. Siku moja nikasahau, nikatia chumvi mara mbili. Loo. Akasimama. Akaongea. Akasema supu hii siyo ile, ile ilikuwa na karafuu kidogo mwishoni, ile njegere zilikuwa zimepasuka lakini hazijasagika, ile nyama ilikuwa inaachia mfupa. Alijua kila kitu, mjinga yule. Miaka yote alikuwa anajua."

Akamwelekezea Merja kile kijiko.

"Mtu wa Haapasalmi Mungu alimpa mdomo mmoja tu, wa kulalamika. Wewe umekwenda kumgongea mlango ambao haujajengwa. Bosi wako kasemaje?"

"Viondoke vyote."

"Na wewe si mtumishi mtiifu?"

Merja alimtazama mama mkwe wake. Pembe ya mdomo wa Merja ikaanza kuinuka. "Mama, wikiendi wametangaza mvua ya kuganda. Mji mzima utakuwa kioo."

"Unadhani sisikilizi redio?"

"Watu wataanguka."

"Nani aanguke? Hawa wamezaliwa kwenye barafu. Wakiona hakuna kitelezi watakaa ndani. Na mtu wa huku akikaa ndani ana nini mkononi?"

"Simu," alisema Veijo, akageukia jiko ili mama yake asimwone akicheka.

*

Ijumaa walivikusanya. Veijo alifunga tela nyuma ya gari, mafundi wawili wa karakana wakaja kusaidia bila kuulizwa na bila kueleza, na Duarte akaja kwa sababu ni kazi ya mikono yake na hakutaka wengine waigongegonge. Hawakuficha. Merja alikuwa amewaambia wapite mchana kweupe, katikati ya mji, polepole.

Watu walisimama kutazama. Yule mama wa mapacha alisimama mbele ya maktaba, mtoto huku na mtoto huku, akaona kitelezi kikipandishwa kwenye tela. Alifungua mdomo. Akaufunga. Mchungaji alivua kofia, kama jeneza linapita.

Cha mwisho kilikuwa cha duka la dawa. Mzee Armas alikuwa amekikalia.

"Mzee, samahani," alisema Merja. "Naomba nikichukue."

"Unakipeleka wapi?"

"Ghalani."

"Mpaka lini?"

"Kasema mkurugenzi viondoke. Watu hawavipendi."

Armas alikaa kidogo. Kisha akashika mkono wa kiti, akajiinua kwa lile goti lake bovu, akaokota mfuko wake wa viazi. Alitazama barabara yote mpaka kwake, yenye mteremko, inang'aa.

"Haya," akasema.

Alilisema chini, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambacho mtoto ameshaondoka. Akaanza kutembea, kiatu kimoja, kisha kingine, akishika ukuta. Mmoja wa mafundi aliacha tela akamfuata, akamshika kiwiko, wakaondoka hivyo bila kutazamana.

Duarte alibaki amesimama na kamba mkononi.

"Hiyo," alimwambia Merja, "hiyo sijaichonga."

"Ipi?"

"Hiyo aliyosema. Hiyo sinayo." Alikuwa anamtazama mzee akiishia kwenye kona. Jioni ile akamwomba Veijo patasi na mbao za birchi, mti mweupe wa huko, akashuka nazo chumba cha chini. Jumamosi treni ya kusini iliondoka bila yeye.

*

Mvua ilinyesha Jumamosi kutwa, nyembamba, mbaya, ikiganda kila inapogusa. Jumapili Haapasalmi ilikuwa imefunikwa kioo. Mlio wa kengele za kanisa uliteleza mpaka upande wa pili wa ziwa, na waliokwenda ibadani walihesabika kwa vidole.

Jumatatu asubuhi dada wa simu wa manispaa aliweka mkoba wake chini, na kabla hajavua koti simu ikaita. Hakulivua koti mpaka mchana.

Mama mmoja alisema kitelezi cha stesheni kilikuwa kifupi mno, kilikuwa kinamuumiza mgongo tangu siku ya kwanza, vishikio vyake vilikuwa vya baridi, na anataka kujua ni nani aliyepata ujasiri wa kukiondoa. Mwenye duka la dawa alilalamika kuwa wazee wanampigia simu awapelekee dawa, yeye si posta. Mama wa mapacha alisema watoto wamelala chini sakafuni tangu Ijumaa wakidai "haya yetu", na manispaa ije iwaokote. Mtu mmoja, ambaye hakutaja jina lakini sauti ilikuwa ya mchungaji, alisema herufi za kitelezi cha kanisani zilikuwa zimepinda, ni aibu, na yeye alikuwa ameshazoea zilivyopinda. Mwingine aliuliza kodi anailipia nini. Wa baada yake aliuliza hivyohivyo, na baada ya hapo wakawa wanauliza kwa foleni.

Kufikia saa sita simu zilikuwa zinapelekwa moja kwa moja kwa Rautaharju. Kufikia saa nane yeye mwenyewe alimpigia Merja, aliyekuwa ghalani anafagia.

"Virudishe," alisema.

"Vipi, mkurugenzi?"

"Vile viti. Virudishe leo. Watu wamepata wazimu."

"Ningependa sana," alisema Merja, kwa sauti ya dirisha la tiketi. "Ila kuviweka mitaani ni kazi ya Mpango wa Wasanii Wageni. Na Mpango, kwa pendekezo lako, unafungwa leo jioni. Nikivirudisha bila Mpango, bibi ya mtu akivunjika nyonga, utashtakiwa wewe."

Upande wa pili simu nyingine ikasikika ikiita.

"Unanifanyia mchezo, Merja."

"Mimi, mkurugenzi? Mimi nimeondoa vyote. Hata kimoja hakikubaki."

*

Baraza la madiwani Haapasalmi hukutana bila watazamaji. Si kwamba wamekatazwa. Roshani ya wasikilizaji ipo, ina viti vya mbao, na sheria inasema raia yeyote anaweza kuja kukaa humo mradi asiseme neno. Kwa miaka mingi aliyekuwa anakuja ni bwana mmoja tu, na yeye alifuata joto.

Jioni ile mwenyekiti wa baraza, mama Aune Tervaniemi, mfugaji wa ng'ombe mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliingia ukumbini, akainua macho juu, akasimama.

Roshani ilikuwa imejaa. Walikuwa wamekuja kwa fimbo za kutelezea, kwa viatu vya misumari, wengine wameshikana mikono mlolongo kama watoto wa chekechea. Mzee Armas alikuwa mbele, goti limenyooshwa. Mama wa mapacha, na mapacha. Mwenye duka la dawa. Mchungaji nyuma ya nguzo, asionekane ameegemea upande. Mafundi wa karakana wamekuja na nguo zao za kazi. Hilja alikuwa katikati, kati ya Veijo na Duarte, amevaa kofia ya maziko.

"Nawakumbusha walio juu," alisema mwenyekiti, "wasikilizaji hawaruhusiwi kusema."

Hawakuwa na mpango huo. Walikuwa wamekuja kutazama, na wakatazama. Kila diwani aliyeinua kichwa alikutana na macho ya mwalimu wake wa darasa la pili, au shangazi yake, au fundi anayemtolea theluji mlangoni kabla hajaamka. Mtu alifungua themosi, na sauti ya kahawa ikimiminwa kikombeni ikasikika ukumbi mzima.

Rautaharju alisimama kueleza pendekezo lake. Alieleza vizuri, kwa takwimu. Alipofika kwenye maneno "raia hawajaonyesha kuvutiwa", akajikuta ametazama juu, na sentensi ikamfia mdomoni.

"Endelea," alisema mwenyekiti.

"Ninachosema, hakuna aliyeniambia anavipenda. Hata mmoja."

"Nasikia leo ulipigiwa simu."

"Walikuwa wanalalamika, mwenyekiti. Wote. Mmoja kaniambia kiti kinamvunja mgongo."

"Akataka kiondolewe?"

"Akataka kirudishwe."

Madiwani wakakohoa. Mama Aune alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Mwanangu Ilkka," alisema, na hapo ukumbi mzima ukajua mambo yamekwisha, maana hakuna aliyewahi kuitwa "mwanangu" na Aune akashinda kura. "Ulikaa sana kusini. Mtu halii kwa kuondolewa kitu asichokipenda. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kwetu kunywa maziwa. Uliwahi kusema asante?"

Rautaharju akawa mwekundu. "Sikumbuki."

"Hukuwahi. Ulikuwa unarudi kesho yake. Nikajua ni mazuri. Tupige kura."

Mikono ikapanda. Wa kwanza alikuwa diwani aliyewahi kusema hadharani kuwa sanaa ni ya watu wasio na mashamba. Alipandisha mkono huku akitazama meza, kama mtu anayeficha karata. Wakafuata wengine, upande huu, upande ule, mpaka mwenyekiti akaacha kuhesabu. Mpango unaendelea. Kwa dhamana ya nani? Kwa dhamana ya Merja Kuivalainen, siku nzima, na kiti mezani. Hicho cha mwisho Aune alikiongeza mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amemwona Merja amekaa kwenye ile stuli karibu na mlango.

Nyundo ikagonga. Na kutoka roshani, kinyume cha sheria, sauti moja nzito ya mstaafu wa reli ikasema:

"Haya."

Mwenyekiti alijifanya hakusikia.

Baadaye kwenye kahawa, sahani ya maandazi ilizunguka mpaka likabaki moja. Watu wakalitazama. Rautaharju alilitazama pia. Kisha akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ikafika mbele ya Merja. Merja alilichukua, akalila lote, mbele yao, bila haya yoyote.

*

Asubuhi yake, kabla Merja hajafungua ghala vizuri, walikuwa wameshajipanga nje. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja akakivuta kitelezi chake akakirudisha mahali pake. Duarte alisimama mlangoni akiwatazama wanavyopita, macho chini, na safari hii hakudhani wanaogopa barafu.

Armas alikuwa wa mwisho. Duarte akamletea kipya, cha mti wa birchi, cheupe, bado kinanuka mti. Mgongoni neno lilelile, herufi ndogo, zimeinama, ya mwisho imegeuza kichwa kidogo kama inatazama nyuma. Mzee alipitisha kidole juu yake. Akarudia. Pua yake ikaanza kuchuruzika, akailaumu baridi.

"Si kibaya," akasema.

Duarte akaingia ghalani akageukia ukuta, na Merja akampa muda.

Alhamisi ikarudi, na njegere zake. Idara ya majengo ilikuwa imepiga simu ghafla kusema bomba la nyumba ya msanii limetengenezwa, ila Duarte alisema chumba cha juu kinamtosha, na Hilja akasema ni afadhali, maana mtu mwingine atakayemsikiliza atampata wapi. Merja alikuwa na barua za maombi ya wasanii wa mwaka ujao kando ya bakuli lake, akila kwa mkono mmoja.

Hilja alimsubiri Duarte amalize. "Supu ikoje, kijana?"

Duarte alitazama bakuli lake tupu. Akafikiri. Akainua mabega.

"Sina la kulalamika."

Hilja akageuka kumtazama Veijo, Veijo akamtazama Merja. Kwa muda yule bibi hakuwa na neno, na jina lake kwa mara ya kwanza likamkaa.

"Haya," akasema mwishowe, akamwongezea supu. "Huyu tayari ni wetu."